Alibadilisha Majina Tu

Mwezi uliopita nilipanda basi la alfajiri kutoka Tabora kwenda Igunga, na kutoka pale nikaendelea hadi Ziba kumzika Elias Masanja. Nilikaa chini ya turubai pamoja na akina mama waliokuja kutoka parokia za jirani. Kijana mmoja wa ukoo alishika kipaza sauti akaanza kusoma wasifu wa marehemu. Alisoma vizuri, bila haraka, na alipofika kwenye kazi zake akainua sauti kidogo. Alisema marehemu ndiye aliyebuni na kuandika, peke yake, programu ya kupangia nota za nyimbo za kwaya, programu iliyowekwa kwenye tovuti ya kampuni kubwa ya ng'ambo na kutumiwa na watu wa mataifa mengi. "Peke yake." Mama aliyekaa kushoto kwangu alitikisa kichwa kwa kustaajabu, akaninong'oneza, "Huyu kijana wetu alikuwa na akili jamani." Nilikwenda kumzika mtu, nikakuta nazikwa mimi, huku naangalia.

Msibani hapagombwi. Lakini nilirudi nyumbani na hasira ambayo miaka yote hii nilidhani imekauka, kumbe ilikuwa mbichi kama siku ya kwanza. Najua nitaambiwa marehemu hasemwi. Mimi nasema marehemu huyu amesemwa sana, tena kwa uongo. Si dhambi akisemwa mara moja kwa ukweli. Sitaeleza nilizaliwa wapi wala baba yangu alikuwa nani. Nitaeleza mwaka mmoja tu, mwaka ambao kampuni ile ilifungua tovuti yake ya kushirikiana programu, nami nikiwa na miaka ishirini na saba nikaamini neno kushirikiana.

Kituo chetu cha kompyuta kilikuwa katika nyumba iliyowahi kuwa ghala la mnunuzi wa tumbaku, si mbali na stesheni ya reli. Kuta zilikuwa zimeinywa tumbaku kwa miaka mingi. Jua likipiga bati mchana, harufu ilitoka ukutani, na wanafunzi wapya waligeuka kutafuta nani anavuta. Elias na mimi tulifundisha pale kwa zamu. Alikuwa ametoka chuoni Dar es Salaam, kijana mrefu mwenye meno ya kupendeza, na alikuwa na kipaji ambacho mimi sikupewa: aliweza kuzungumza na mtu yeyote, bwana mkubwa au muuza karanga, na yule mtu akaondoka akidhani amepata rafiki wa maisha. Mimi nilikuwa mtu wa kukaa kimya na kazi hadi iishe. Wote wawili tuliimba katika kwaya moja ya Moraviani, yeye sauti ya tatu, mimi sauti ya pili, na mchana tulikula pamoja kwa Bi Zuhura, mwenye nyumba wangu, mjane aliyenipangisha chumba cha uani na ambaye hakukubali mtu ale peke yake ndani ya ua wake. Alitupikia wali wa Igunga na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, zilizoungwa kwa karanga, na siku za haraka tulikula matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kwa chai. Elias alikuwa akisema "kodi" akimaanisha maandishi ya programu, kama wanavyotamka watu wa kompyuta, na kwa muda mrefu Bi Zuhura aliamini kwamba sisi wawili tunahangaikia kodi ya nyumba. "Msiseme sana mambo ya kodi wakati wa kula," alitukanya. "Chakula kitawakaba."

Programu ilianza kwa sababu ya chaki. Mwalimu wetu wa kwaya, Mwalimu Sospeter, aliandika nota ubaoni, zile d, r, m zenye nukta katikati ya mipigo, nasi tukazinakili kwenye madaftari. Kila aliyenakili alikosea kwa namna yake. Nukta moja ikihama, sauti ya nne inaingia mapema, na kwenye sikukuu moja ya mavuno iliingia mapema mbele ya askofu hadi wimbo ukavunjika katikati. Mwalimu Sospeter hakula siku ile. Nikaanza kuandika programu wakati wa mvua za kwanza. Unaandika nota za sauti nne na maneno ya wimbo, nayo inapanga kila silabi chini ya nota yake, inahesabu mipigo, na ukikosea inakuambia umekosea wapi. Kila kitu ndani yake nilikipa jina la Kiswahili, kwa sababu nilikuwa nafikiri kwa Kiswahili: sauti, mpigo, mstari, silabi. Sehemu niliyoipenda kuliko zote niliiita pumzi. Ndiyo iliyoamua mwimbaji avute hewa wapi bila kukata neno. Ilinisumbua kuliko sehemu nyingine zote, na ilipokubali nilicheka peke yangu chumbani mpaka Bi Zuhura akaja kugonga mlango kuuliza kuna nini.

Sitamnyima Elias kilicho chake. Aliandika sehemu iliyozungumza na printa, na printa yetu ilikuwa na roho mbaya. Alipeleka karatasi za kwanza kwa kwaya nyingine za mjini, akarudi na maoni yao. Bila yeye ingebaki kwangu chumbani. Niliijua thamani hiyo na niliisema mbele za watu. Kila mtu alipotusifu nilisema "mimi na Elias". Naomba msomaji alikumbuke hilo anaponiona sasa nimekunja uso.

Habari za tovuti alizileta yeye, katikati ya mwaka, tukiwa mezani kwa Bi Zuhura. Kampuni kubwa, ile ambayo mifumo yake ilikuwa ndani ya kila kompyuta ya kituo chetu, ilikuwa imefungua mahali kwenye intaneti ambapo mwandishi yeyote wa programu angeweza kuweka kazi yake wazi, wengine wakaisoma, wakairekebisha, wakairudisha ikiwa bora. Kampuni hiyo hiyo kwa miaka ilikuwa imefungia kazi zake kama dhahabu, kwa hiyo watu walishangaa. Mimi nilisita. Elias akasogeza sahani.

"Nyamizi, hii ni kama kwaya," alisema. "Mmoja analeta wimbo, wengine wanaweka sauti. Wewe utaimba peke yako mpaka lini?"

"Na wimbo unabaki wa nani?"

"Wa aliyeutunga! Si jina lake linaandikwa juu?"

Nilikubali kwa sababu ya maneno hayo. Tulifungua ukurasa, tukauita Nota. Yeye akaandikwa mratibu, mimi mwandishi, na tovuti ilikuwa na namna ya kuonyesha kila mstari wa programu umeandikwa na nani. Karibu mistari yote ilikuwa na jina langu pembeni. Niliikodolea macho orodha ile kama mtu anayeangalia shamba lake limeota. Baada ya majuma machache mtu wa Brazili, aliyeongoza kwaya huko kwao, alirekebisha kosa langu la kuhesabu nyimbo za mipigo mitatu. Mwingine kutoka Finlandi aliuliza pumzi ni nini. Nikamweleza, naye akajibu kwamba kwao hakuna aliyewahi kufikiria kuifundisha kompyuta kupumua. Nilipomsimulia Bi Zuhura aliacha kuchambua mchele. "Umempa mtu usiyemjua kitu chako, naye amekurudishia amekitengeneza?" aliuliza. "Alhamdulillahi. Basi dunia haijaharibika kama wanavyosema." Miezi ile nilikuwa na furaha. Naisema kwa uchungu, lakini nilikuwa na furaha.

Kisha meneja mmoja wa kampuni alimwandikia mratibu. Walikuwa wanaandaa sherehe Dar es Salaam ya kuitangaza tovuti yao nchini, na walitaka kuonyesha kazi ya Mtanzania jukwaani. Nota iliwavutia. Walikuwa na ombi moja: maandishi ya ndani yawe ya Kiingereza, ili dunia iweze kuyasoma. Elias aliniambia kwa tahadhari, kama anayemwambia mtu habari za ugonjwa.

"Dunia imeshayasoma," nilisema. "Mbrazili amesoma mpaka akaona kosa. Mfinlandi alikwama, akauliza, nikamjibu. Sisi tunapokwama kwenye Kiingereza chao, nani anatubadilishia?"

"Huoni mbali."

"Naona vizuri sana. Wanataka kitu cha Tabora kisichokuwa na Tabora ndani yake."

"Basi kaa hapa na pumzi zako!" alisema Elias, akainuka, akaacha chakula. Bi Zuhura alimtazama mpaka akatoka getini. Kwake kuacha chakula lilikuwa jambo zito kuliko lolote tulilobishania. "Huyo ameshaamua," alisema. "Mtu anayebishana bado anakula."

Sikumsikiliza. Juma lililofuata nilikwenda Usinge kufundisha makatibu wa parokia kutumia kompyuta, na kule miaka hiyo hukupata intaneti hata kwa dawa. Nililala kwenye chumba cha wageni cha kanisa, nikala ugali wa muhogo na asali mpya, nikafundisha watu waliokuwa wanagusa kompyuta mara ya kwanza kuandika nyimbo zao kwa Nota. Walisoma neno pumzi kwenye skrini na hakuna aliyeuliza ni nini. Mama mmoja mzee aliandika wimbo wa mazishi wa kwao kwa Kinyamwezi, ambao haujawahi kuandikwa popote, na karatasi ilipotoka kwenye printa aliishika kwa mikono miwili.

Niliporudi mjini nilikwenda moja kwa moja kituoni kuangalia ukurasa. Haukuwapo. Nilidhani nimekosea anwani, nikaandika tena. Mwishowe nikatafuta kwa jina la Elias, nikauona: ukurasa mpya, jina jipya la Kiingereza. Ndani yake programu yangu yote, mpangilio wangu, hata maelezo niliyoandika kwa mzaha, yote yakiwa yamegeuzwa Kiingereza. Kwa kuwa ukurasa ulianza upya, na yeye ndiye aliyeyapakia, tovuti ilimhesabu yeye kuwa ndiye aliyeandika. Niliteremka na ukurasa, mstari kwa mstari. Elias Masanja. Elias Masanja. Elias Masanja. Hata pumzi. Ukurasa wa zamani alikuwa ameufuta, mratibu alikuwa na uwezo huo, kwa maelezo kwamba kampuni haitaki kurasa mbili za kitu kimoja.

Aliingia akanikuta nimekaa pale. Harufu ya tumbaku ilikuwa imejaa chumba. Nilimwonyesha skrini kwa kidole kwa sababu sauti haikutoka.

"Usikasirike," alisema. "Sijagusa kitu. Nimebadilisha majina tu."

Mpaka leo sijui kama aliyasikia maneno yake mwenyewe. Katika kazi yetu kubadilisha majina ni jambo la kila siku, unabadilisha majina ya vitu ndani ya programu na programu inabaki ile ile. Nadhani ndivyo alivyomaanisha. Lakini alikuwa amesema ukweli wote kwa maneno matatu, akasimama pale na meno yake mazuri, akingoja nimwelewe. Nikamwambia arudishe jina langu. Akasema kampuni inataka mtu mmoja wa kuwasiliana naye, kwamba ni kwa ajili ya sherehe tu, kwamba baada ya hapo ataweka kila kitu sawa. "Wewe mwenyewe hupendi majukwaa," alisema. Hilo lilikuwa kweli, na alilitumia.

Akaenda Dar es Salaam. Picha yake ilitoka gazetini, amesimama kati ya wageni wenye suti, ameshika cheti. Mwalimu Sospeter alilileta gazeti lile kwenye mazoezi ya kwaya, akalipitisha mkono kwa mkono, akatuomba tumpigie makofi mwenzetu aliyeitoa kwaya yetu kimasomaso. Wote walipiga. Mimi niliweka mikono mapajani. Mwalimu aliniona. Baada ya mazoezi aliniita pembeni, kwa upole, na upole ule ndio uliniumiza.

"Nyamizi mwanangu, wivu ni sumu. Mwenzako akiinuliwa, furahi naye."

"Mwalimu, ile programu niliiandika mimi. Wewe ulinikuta naiandika."

"Si mlikuwa wote?" alisema. "Kazi ya Mungu haina mwenyewe, mwanangu."

Kazi ya Mungu haina mwenyewe! Nimelisikia neno hilo mara nyingi maishani, na sijawahi kulisikia likisemwa kwa mtu aliyeshika cheti. Husemwa kwa yule aliyebaki mikono mitupu. Wako pia wanaopenda kunifariji kwa historia ya mji huu. Huniambia Wanyamwezi tumezoea, babu zetu walibeba pembe za ndovu kutoka hapa hadi pwani na hakuna aliyeandika majina yao. Huwa nawakatiza. Mpagazi alijua mzigo ni wa tajiri, na alipatana naye kabla hajauinua begani. Mzigo wangu ulikuwa wangu. Mimi ndiye niliyeutengeneza, na aliyeuchukua alikuwa anakula nami sahani moja.

Nilikuwa bado na nakala yangu ya Kiswahili kwenye kompyuta. Nikafungua ukurasa wangu mwenyewe kwenye tovuti ile ile, nikaipakia Nota upya, nikaandika jina langu juu. Nilijiambia kama mahali hapa ni pa wazi kweli, basi hata mimi niko wazi. Hazikupita siku nyingi, barua pepe ikaja kutoka kwa wasimamizi. Ilikuwa ya adabu kabisa. Walisema wamepokea taarifa kwamba kazi yangu inafanana mno na kazi iliyotangulia ya Bwana Masanja. Kunakili si kosa, walisema, huo ndio uzuri wa kushirikiana. Ila kanuni za uungwana za tovuti zinanitaka nimtaje mwandishi wa asili.

Niliisoma nimesimama. Nikatoka nje, nikatembea hadi kwa Bi Zuhura, nikaketi jikoni kwenye kibao chake cha mbuzi. Nilimwambia kwa maneno anayoyaelewa: mtu amechukua mtoto wangu, amembadilisha jina, na sasa serikali inaniambia nikitaka kumbeba niombe ruhusa kwa baba yake. Bi Zuhura alikuwa anakuna nazi ya jana kwa kijiko kwa sababu mbuzi nilikuwa nimeikalia. Hakuniambia nisamehe. Alisema, "Mtake Elias aseme mbele za watu. Mwongo akiwa peke yake ana maneno mengi."

Niliwajibu wasimamizi kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, nikaeleza kila kitu. Hawakujibu tena. Nikamwomba Elias aandike sentensi moja tu kwao, kwamba mwandishi wa asili ni mimi. Hakukataa, Elias hakuwahi kukataa kitu usoni pa mtu. Alisema wakimwona anaandika hivyo sasa wataona alidanganya jukwaani, na mambo yakipoa ataandika. Kabla mambo hayajapoa alipata kazi kwa watu wale wale, Dar es Salaam.

Tovuti yenyewe haipo tena. Miaka baadaye kampuni iliifunga, kwa tangazo fupi, ikahamia mambo mengine, na kurasa zote zikapotea, ya kwangu na ya Elias. Kwa hiyo hata kile alichoniibia hakukitunza. Mimi nilikwisha kujitoa. Niliiweka Nota kwenye sidii, nikaipeleka mwenyewe kwa kwaya za Urambo, Nzega, Sikonge, na kule Usinge. Ofisi mbili tatu za parokia bado zinaitumia kwenye kompyuta za kizee, na huwa wananipigia simu ikigoma. Kwenye kwaya yenyewe sikurudi. Baadhi ya watu wanaona hiyo ndiyo hasara yangu kubwa, na huenda ni kweli, kwa sababu tangu mwaka ule sijaimba sauti ya pili na mtu mwingine.

Elias aliondoka Tabora kwa treni, jioni moja mwishoni mwa mwaka. Kwaya nzima ilikwenda stesheni kumsindikiza, wamevaa joho, na Mwalimu Sospeter mbele. Nami nilikwenda. Nilisimama kando, karibu na wauza karanga, bila kujua nimefuata nini. Waliimba, wakamwombea, akapanda na masanduku yake, akatokeza dirishani akishika mikono ya kila mmoja. Akaniona. Akatabasamu, akapaza sauti kwa mzaha, kama vile tuligombania kiti.

"Nyamizi, usininunie bwana! Nikifika Dar nitakutaja!"

Watu wakacheka, wakageuka kuniangalia. Hapo ndipo sauti iliyonikimbia siku ile kituoni iliporudi. Nilisogea hadi chini ya dirisha lake. Sikulia na sikutukana.

"Nitaje sasa, Elias," nilisema. "Wote wako hapa. Mwalimu yuko hapa. Sema nani aliandika."

Hata mama wa karanga aliacha kuita wateja. Elias alifungua mdomo. Alimwangalia Mwalimu Sospeter, akawaangalia wenzetu wa sauti ya tatu, akaniangalia mimi, kisha akainamisha kichwa akaanza kupanga mfuko wake wa chakula kwenye kiti. Mwalimu akatoa sauti ya kuanzia, kwaya ikapokea, wakaimba beti zote.

Waliokuwapo siku ile husimulia kwamba treni iliondoka kabla Elias hajapata nafasi ya kunijibu. Si kweli. Wimbo uliisha, wakaanza mwingine, ukaisha na huo. Treni ilikuwa bado imesimama.